Hata Nyumba Huwekwa X Kwanza

Kazi yangu ni kushona. Nina vyerehani viwili na meza ya kukatia kwenye kibaraza cha duka, si mbali na soko la Majengo hapa Dodoma, na mkasi nimeushika karibu kila siku kwa miaka 12. Ndiyo maana ule mlio niliujua. Ilikuwa usiku wa manane, uzazi wangu wa kwanza, uchungu umekolea mpaka sijui nilipo, mara nikasikia krrp: mkasi ukipita kwenye kitu kizito kilicholowa. Maumivu yake sikuyasikia kabisa. Mlio tu. Nikajua kuna kitu kimekatwa, na kwa kuwa mle chumbani hapakuwa na kitenge wala mteja, kitu chenyewe ni mimi.

Mtoto akatoka muda uleule, akalia, akawekwa kifuani. Ni baadaye, nesi ameshainama na sindano mkononi, ndipo aliponiambia kama mtu anayekurudishia chenji: "Nimekuongezea njia, mama. Tulia nikushone."

Nimekuongezea njia. Huu mji unaongezewa njia kila kukicha tangu serikali ianze kuhamia kweli mwaka 2016. Tuna barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112, na kila mwenye nyumba iliyoangukia kwenye hifadhi ya barabara anaujua utaratibu. Wanakuja watu na kopo la rangi nyekundu, wanaandika X ukutani, unapewa muda, unabisha, unalia, mwisho unabomoa. Utaratibu unauma, lakini X unaiona. Mimi sikuwekewa X.

Lile neno lenyewe nalo lina ujanja. Hakuna kinachoongezwa. Kinachofanyika ni kukatwa msamba, ile nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ili mlango upanuke kichwa cha mtoto kipite. Mkato unaopendekezwa hauendi moja kwa moja chini. Unakwenda mshazari, umeelekea pembeni, kwa kawaida sentimita 3 hadi 4, na hukatwa wakati msamba umeshakuwa mwembamba na kichwa kinaonekana uchungu unapokuja. Ukikatwa mapema kabla ya hapo, damu nyingi inamwagika bure.

Kwa nini mshazari? Fundi yeyote atakuelewesha bila kusoma udaktari. Sisi tukitaka kuchana shuka la mita nyingi hatupotezi muda na mkasi. Tunatia mkato mdogo ukingoni, tunashika huku na huku, tunavuta: kitambaa kinafuata mkato mpaka mwisho. Upindo mzima hauchaniki kirahisi hivyo. Sasa mkato ulioelekezwa chini moja kwa moja, kichwa cha mtoto kikiusukuma, unajua utafika wapi. Mshazari unaupeleka mchaniko mbali na misuli inayofunga haja kubwa.

Na mtu anaweza kuchanika mwenyewe bila mkasi wowote. Wakunga wanahesabu madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu, mara nyingine halihitaji hata uzi. La pili linaingia kwenye misuli ya msamba, na mkato wa kuongezewa njia kwa kina chake ni sawa na hilo. La tatu linagusa ule msuli wa kufungia haja kubwa. La nne linapita mpaka ndani ya utumbo. Hayo mawili ya mwisho si ya kushonwa chapuchapu kwenye mwanga hafifu. Yanataka mtu mzoefu, chumba chenye taa, na dawa ya kutosha.

Nilipopata nguvu nikaanza kusoma, maana mtaani niliambiwa jambo moja tu: uzazi wa kwanza lazima uongezwe njia. Nikakuta hiyo "lazima" ina historia. Mwaka 1742, daktari mzalishaji wa Dublin aitwaye Fielding Ould aliandika kuhusu mkato huu kama jambo la shida, pale mlango ulipobana mno na mtoto hatoki. Ikapita karne na zaidi. Mwaka 1920, Joseph DeLee, daktari wa Chicago, akashauri mkato uwe wa kawaida kwa uzazi wa kwanza, kwa hoja kwamba kukata vizuri ni kumkinga mama asichanike vibaya. Hoja ina mvuto, nami kama fundi ningeikubali upesi: mkato ulionyooka unashoneka kuliko mchaniko wa ovyo. Marekani wakaikubali kiasi kwamba mwaka 1979 wanawake zaidi ya 60 katika kila 100 waliojifungua kwa njia ya kawaida walikatwa.

Hadi hapo karibu hakuna aliyekuwa ameipima ile hoja sawasawa. Waingereza waliijaribu kwa wanawake 1,000 huko Reading, matokeo yakatoka 1984. Waargentina wakaijaribu kwa wanawake 2,606, wakatoa majibu 1993. Kundi moja lilikatwa kama desturi, jingine lilikatwa pale tu palipokuwa na sababu. Kukata kila mtu hakukuwakinga na michaniko mikubwa. Huko Argentina waliokatwa kwa desturi ndio waliokuwa na maumivu zaidi, vidonda vilivyosumbua kupona, na nyuzi zilizoachia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba kumkata kila mama anayejifungua kwa kawaida hakupendekezwi. Mimi nilikatwa baada ya hapo.

Sisemi mkasi utupwe. Mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka na kichwa kiko mlangoni, dakika chache zinaweza kuwa uhai. Mtoto akivutwa kwa kifaa, mabega yakikwama na mkunga anahitaji nafasi ya kuingiza mkono, hapo mkato una kazi. Kuna sababu nyingine ambayo mkoani kwetu hatuitaji kwa sauti. Shangazi yangu, aliyeolewa kijiji kimoja cha Chamwino, alikeketwa akiwa binti mdogo. Kovu halivutiki kama ngozi. Watoto wake sita wote walimchana au alichanwa ili wapite. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, ila ule utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta Dodoma karibu nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa, asilimia 47, wameshakeketwa. Ni wengi hao, na wanaingia kwenye vyumba vya uzazi hawajui kama waseme au wanyamaze. Shangazi aliniambia hivi tunachambua mlenda, bila kuinua macho: "Mimi nilikatwa na ngariba nikaonywa nisilie. Nikakatwa na nesi nikaonywa nisilie."

Sikumjibu. Nilikuwa na wiki ya tatu, nimekalia tako moja.

Turudi kwenye sindano. Nesi alinichoma ganzi, na kabla sijamaliza kusema "ashi" nikasikia uzi unapita. Nikapiga kelele. Akaniuliza, umeweza kusukuma kichwa, sindano ndiyo ikushinde? Baadaye nikajifunza kwamba ganzi inataka kusubiriwa dakika 2 hivi, kisha mama abanwe kidogo kwa kibanio. Akisikia, wanasubiri dakika 2 nyingine. Simlaumu sana yule dada. Usiku ule alikuwa peke yake na wajawazito wanne, mmoja akiwa sakafuni. Lakini dakika 2 ni dakika 2. Mimi mteja akija kujaribu gauni huwa natoa pini zote kwanza.

Nikaruhusiwa kesho yake. Bajaji kutoka hospitali hadi nyumbani Nkuhungu ina matuta saba. Niliyahesabu.

Mume wangu alikuwa ameambiwa na mtu kwamba siku ya kwanza barafu inasaidia uvimbe, na ni kweli: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, dakika chache kisha unatoa, usiigandishe kwenye ngozi. Akazunguka mtaa mzima barafu hakuna. Akarudi na barafu kumi za ubuyu, zile za watoto za kwenye vifuko. Mama yangu akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Tukazifunga kwenye kitambaa, moja moja. Zilifanya kazi. Zilizobaki walikula watoto wa jirani, na mpaka leo hawajui walikuwa wanagawana dawa ya nani.

Mama alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kuniuguza, na alikuja na msimamo: mzazi anakandwa kwa maji ya moto. Nawajua mlio na mama kama wangu, kwa hiyo nitalieleza hili taratibu. Kukandwa mgongo na kiuno kwa kitambaa cha uvuguvugu, sawa, kunapumzisha mwili. Lakini kumkalisha mzazi juu ya maji yanayofuka, au kumrushia maji ya moto pale penye nyuzi, ni kumuunguza mahali palipovimba na penye kidonda kibichi. Siku mbili nilibisha, siku ya tatu nikashindwa. Nani anashindana na mama yake akiwa hajalala? Aliniandalia beseni la maji ya moto ya majani na chumvi, nikakaa.

Siku ya 6 nikasikia harufu. Damu ya uzazi ina harufu yake, kama ya hedhi, hiyo si shida. Hii ilikuwa nyingine, ya kitu kinachooza, na maumivu yaliyokuwa yanapungua yakageuka yakapanda, mwili ukachemka. Nikaenda zahanati. Mhudumu wa zamu, mama mtu mzima, aliangalia akasema nyuzi mbili zimeachia na pana usaha. Alisafisha, akanipa dawa za kuua bakteria za kumeza, na akakataa kunishona tena: kidonda chenye uchafu hakifungiwi uchafu ndani, kinaachwa kipone kikianzia chini kwenda juu. Sijui kama lilikuwa lile beseni, vitambaa, au vumbi la Septemba linaloingia mpaka kwenye sufuria lenye mfuniko. Mama yeye alijua. Tangu siku ile hakugusa tena majani, na hakuniambia pole kwa maneno. Alianza kuchemsha maji kisha anayaacha yapoe mpaka anayajaribu kwa kiwiko, kama ya mtoto.

Yule mhudumu alinipa masharti ambayo hayagharimu kitu. Osha kwa maji safi ya kawaida au vuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma, kila unapotoka chooni, kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue. Badili pedi kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Nawa mikono kabla na baada. Usitie dawa ya kuua vijidudu, spiriti, majivu, wala mafuta ya mtu yeyote. Maji kwetu yalikuwa ya mgao, kwa hiyo tulitenga ndoo moja yenye mfuniko, ya mzazi tu, na mume wangu alilinda ile ndoo kuliko pikipiki yake.

Mkojo unachoma, hakuna aliyeniambia. Dawa yake ni kikombe cha maji ya uvuguvugu: unamimina hapo hapo huku unakojoa, unapooza moto. Haja kubwa ndiyo iliyonitisha. Siku nne nilijizuia, naogopa nyuzi zitakatika, na kadiri unavyojizuia ndivyo choo kinavyokuwa kigumu na hofu inavyopata sababu. Hapa nawashukuru Wagogo wenzangu. Mlenda na ugali wa uwele, papai, maji mengi, vilifanya kazi ambayo vidonge havikufanya. Unaweza pia kushika pedi safi ukaegemeza msamba kwa mkono wakati unasukuma kidogo. Nyuzi hazikatiki kwa choo. Nimejaribu.

Kwa kukaa, mama alinizungushia khanga kuukuu kama ngata ya kubebea ndoo, nikakalia. Raha yake si ya kawaida. Ila nikaambiwa nisiikalie kutwa nzima, maana ile sehemu ya kati inaning'inia na uvimbe unashuka. Kulala ubavu wakati wa kunyonyesha ndiko kulinifaa zaidi. Maumivu nilimeza paracetamol, mtoto akaendelea kunyonya bila tatizo.

Wiki ya tatu nikakuta kwenye pedi kipande cha uzi, kifupi, kama kinachobaki mezani kwangu nikimaliza lapa. Nikahisi nimefumuka. Nikapiga simu zahanati nikiwa natetemeka, nikachekwa kwa upole: nyuzi hizi huyeyuka na kuanguka zenyewe, hazitolewi. Siku hiyo hiyo nikachukua kioo cha wateja, nikafunga mlango, nikajiangalia kwa mara ya kwanza. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Niliona mstari, mwekundu kidogo, umekaa mshazari kuelekea kulia. Mshono si mbaya, nilijisemea. Umbali kati ya tundu na tundu haulingani, lakini alishona usiku.

Kuna mambo ya kukimbilia hospitali bila kungoja kliniki: homa, usaha au harufu kali, kidonda kuachia, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Na lile ambalo wanawake hulificha miaka: upepo, kinyesi au mkojo kutoka bila kuamua. Hilo halisababishwi na uzee wala si adhabu. Ni msuli haukuungwa au pametoboka, na linatibika. Fistula, yaani hilo tundu, hutibiwa bure pale hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mahudhurio ya mama baada ya kuzaa, siku ya 7, ya 28 na ya 42, ndiyo nafasi ya kuomba msamba uangaliwe. Omba kwa mdomo wako. Mimi siku ya 42 nilipimiwa mtoto uzito, akachomwa chanjo, nikaambiwa haya mama, safari njema. Nikarudi toka mlangoni nikasema, dada, naomba na mimi niangaliwe.

Kuhusu mambo ya chumbani nitasema machache, mume wangu anasoma hapa. Arobaini ikiisha haimaanishi kidonda kimesoma kalenda. Kikipona, na wewe ukitaka, basi. Sisi ilichukua miezi mitatu na mafuta ya kulainisha. Kunyonyesha kunakausha uke, kwa hiyo si kila ukavu ni ugomvi. Jirani aliniuliza kwa utani kama nilimwambia nesi "akaze kidogo kwa ajili ya baba". Kushonwa kupita kiasi hakuna faida kwa yeyote, ni kidonda kingine. Kinachorudisha nguvu ni kukaza misuli ya nyonga, kama unayejizuia kukojoa, unashikilia kidogo, unaachia, mara kadhaa kwa siku. Mimi nafanya nikiwa kwenye cherehani. Hakuna mteja aliyewahi kujua.

Mimba ya pili ilikuja baada ya miaka minne. Safari hii niliuliza kliniki mapema. Nikaelezwa kusinga msamba kwa mafuta safi kuanzia wiki ya 35, ambako husaidia zaidi walio kwenye uzazi wa kwanza (nilitumia ya alizeti ya Kibaigwa, mara mbili, nikachoka). Nikaelezwa pia kwamba kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinachoegemezwa msambani wakati wa kusukuma kinapunguza michaniko mikubwa, na kwamba kukatwa mara ya kwanza si hati ya kukatwa kila mara. Nilipofika na uchungu, hospitali tofauti na ile ya kwanza, nikamwambia mkunga kabla hata sijapanda kitandani: dada yangu, ukitaka kukata, niambie. Akasema, "Kukiwa na haja nitakuomba."

Na haja ikaja. Alikuwa ameweka kitambaa cha uvuguvugu, ananituliza nisisukume kwa pupa, mara akasikiliza tumbo, akasikiliza tena. Akanishika goti. "Mama, mapigo ya mtoto yanashuka na hayapandi haraka. Naomba nikuongezee njia atoke sasa. Unakubali?"

Nikasema kata. Nikausikia tena ule mlio, krrp, na mtoto akatoka wa bluu kidogo, akasuguliwa mgongo, akalia.

Alipomaliza kondo la nyuma alivuta taa, akachoma ganzi, akaweka sindano chini kwenye trei. Nikamuuliza mbona hushoni. Akasema bado. Baadaye akachukua kibanio, akanibana. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi tunangoja."

Akavuta kigoda, akakaa. Mtoto alikuwa ameanza kutafuta ziwa. Feni ilikuwa inazunguka na kelele, nje bodaboda mmoja anawasha pikipiki isiyotaka kuwaka. Tukangoja, hakuna aliyesema kitu, mpaka aliposimama akanibana tena nikamwambia sasa sisikii.